Hifadhidata tu, programu nzima, au hadi kihariri: ni kiasi gani kiingie kwenye kontena?

Anayeandaa mazingira ya kutengenezea programu ya wavuti kwenye kompyuta yake mara nyingi huanza kwa kujiuliza kama achukue Docker au Podman, yaani programu zinazoendesha makontena. Swali hilo linaweza kusubiri. Kinachoamua kama utafanya kazi kwa raha au kwa kero ni mahali msimbo wako unapokaa, na nani anausoma.

Kontena ni mchakato wa Linux uliotengwa na mingine. Kwenye Linux mchakato huo unatumia kerneli yako (kiini cha mfumo endeshi) na diski yako, kwa hiyo kusoma faili ya mradi hakuongezi gharama ya maana. macOS na Windows hazina kerneli hiyo, hivyo Docker Desktop na Podman huwasha mashine pepe ya Linux, na kila faili ambayo kontena linaisoma kutoka diski yako inavuka mpaka wa mifumo miwili. Mradi wa JavaScript wa ukubwa wa kati huwa na makumi ya maelfu ya faili ndogondogo ndani ya `node_modules`, folda ya vifurushi vyake, na seva inapowaka inazigusa nyingi kati ya hizo. Ndiyo maana mazingira yaleyale, kwa maelekezo yaleyale, huwa mepesi kwa mwenye Linux na mazito kwa mwenzake wa macOS.

Njia ziko tatu. Ya kwanza inaweka kwenye makontena hifadhidata na huduma nyingine za pembeni, huku programu yako ikiendeshwa nje kama kawaida. Ya pili inaingiza na programu yenyewe kupitia Compose, zana inayowasha makontena kadhaa kwa faili moja. Ya tatu, Dev Containers, inaingiza hata kihariri. Tunashauri uanze na ya kwanza na usogee mbele pale tu unapoweza kutaja kwa jina tatizo linalokusogeza.

## Huduma ndani, programu nje

Hapa hifadhidata kama Postgres au Redis, au seva ya barua pepe za majaribio kama Mailpit vinakaa kwenye makontena. Node, Python, PHP au Ruby umevisakinisha kwenye kompyuta. Faili nzima ya `compose.yaml` inaweza kuwa fupi hivi:

```yaml
services:
  db:
    image: postgres:17
    environment:
      POSTGRES_USER: mradi
      POSTGRES_PASSWORD: siri
      POSTGRES_DB: mradi
    ports:
      - "127.0.0.1:5433:5432"
    volumes:
      - data_db:/var/lib/postgresql/data
    healthcheck:
      test: ["CMD-SHELL", "pg_isready -h 127.0.0.1 -U mradi -d mradi"]
      interval: 2s
      timeout: 3s
      retries: 30

volumes:
  data_db:
```

Mistari hii michache ina mambo ambayo mifano mingi huyaacha. Anwani `127.0.0.1` mbele ya poti ni ya lazima kwetu: ukiandika `5433:5432` peke yake, Docker hufungua poti hiyo kwa mtandao wote uliounganishwa nao, na kwenye Linux sheria zake za iptables hupita kando ya zile za ufw (ukuta wa moto). Mtu anaweza kuwa ameamini ukuta wake wa moto umefunga kila kitu, kumbe hifadhidata yenye nenosiri `siri` iko wazi kwa kila aliye kwenye Wi-Fi ileile. Poti 5433 upande wa nje inaepusha mgongano na Postgres nyingine iliyosakinishwa zamani ikasahaulika.

Kipimo cha afya nacho kina `-h 127.0.0.1` kwa sababu. Imeji rasmi ya Postgres (kifurushi ambacho kontena huundwa kutoka kwacho), inapoandaa data kwa mara ya kwanza, huwasha seva ya muda inayosikiliza soketi ya Unix tu, ikaendesha hati zako za mwanzo, ikaizima, kisha ikawasha seva halisi. `pg_isready` isiyo na `-h` huuliza kupitia soketi hiyo, ikajibiwa "tayari" katikati ya maandalizi. Programu inajiunga, seva ya muda inazimwa, na unapata hitilafu inayotokea mara ya kwanza tu na kutoweka ukijaribu tena. Hitilafu za namna hiyo ndizo zinazokula muda wa timu.

Mstari wa `version: "3"` juu ya faili haumo kwa makusudi. Compose ya sasa haiutumii, na hutoa onyo ikiukuta. Kama kompyuta yako bado inataka amri `docker-compose` yenye kistari, huenda una toleo la kwanza lililoandikwa kwa Python, ambalo liliacha kuhudumiwa mwaka 2023. Amri ya leo ni `docker compose`.

Faida kubwa ya njia hii ni kwamba msimbo wako hauvuki mpaka wowote. Kitatuzi, kihariri, majaribio, kupakia upya papo hapo unapohifadhi faili: vyote vinafanya kazi kama ambavyo vingefanya bila kontena. RAM inayotumika ni ndogo. Kwenye kompyuta ya GB 8 hatuoni sababu ya kuanza na njia nyingine.

Udhaifu wake ni tofauti za matoleo. Mmoja ana Node 20, mwingine 22, na kifurushi chenye sehemu iliyokusanywa (compiled) kutoka C kinakataa kwa mmoja wao. Hapo andika toleo kwenye faili `.nvmrc` au `.tool-versions`, uiweke kwenye hazina ya msimbo, na mtumie kisimamizi cha matoleo kinachoisoma, kama nvm au mise. Hiyo inamaliza sehemu kubwa ya tatizo. Isichomaliza ni maktaba za mfumo, kwa mfano libvips, ImageMagick au libpq, na tofauti za mfumo wa faili. macOS kwa kawaida haitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya faili: `import "./Menyu"` itapata `menyu.js` kwenye Mac, kisha ikashindwa kwenye seva ya Linux siku ya kupeleka kazi. Hakuna kisimamizi cha matoleo kitakachokuonya.

Kuna mitego miwili ya voliumu (hifadhi ya data inayobaki hata kontena likifutwa) inayofuata njia zote tatu, tuitaje hapa. Wa kwanza: `POSTGRES_PASSWORD`, pamoja na hati za `/docker-entrypoint-initdb.d`, hutumika pale tu folda ya data ikiwa tupu. Ukibadilisha nenosiri kwenye faili na kuwasha upya, la zamani linabaki na utaona `password authentication failed`. Ama ulibadilishe kwa `ALTER USER`, ama ufute data kwa `docker compose down -v`, ukijua kwamba `-v` hiyo inafuta voliumu zote zilizotajwa kwenye faili. Wa pili: kupanda kutoka toleo kuu moja la Postgres kwenda jingine hakufanyiki kwa kubadilisha tagi, ile `17` ya `postgres:17`. Seva mpya itakataa kuwaka na kusema faili za data haziendani nayo. Toa nakala kwa `pg_dump` kwanza, weka voliumu mpya, kisha rejesha. Na ukifika toleo 18, imeji rasmi inataka voliumu ipachikwe kwenye `/var/lib/postgresql`, bila `data` mwishoni.

## Programu nzima kupitia Compose

Njia hii inalipa pale maktaba za mfumo zinapokuwa nyingi, au huduma zako mwenyewe zinapozidi mbili tatu na zote lazima ziwe hewani ili ukurasa mmoja ufunguke. Kwa timu ambayo wote wanatumia Linux ni chaguo zuri hata mapema, maana gharama ya mpaka haipo.

Kwanza imeji. `Dockerfile` (faili ya maelekezo ya kujenga imeji) ya kutengenezea inaweza kuishia hapa:

```dockerfile
FROM node:22-bookworm-slim AS dev
WORKDIR /app
RUN chown node:node /app
USER node
COPY --chown=node:node package.json package-lock.json ./
RUN npm ci
COPY --chown=node:node . .
CMD ["npm", "run", "dev"]
```

Faili za vifurushi zinanakiliwa kabla ya msimbo ili hatua ya `npm ci` ibaki kwenye kache hadi orodha ya vifurushi ibadilike. Ukinakili kila kitu kwa pamoja, kusahihisha herufi moja kunakuletea usakinishaji mzima upya. Weka `.dockerignore` yenye `node_modules`, `.git` na `.env`, la sivyo kila ujenzi utaanza kwa kubeba mamia ya megabaiti bure, na siri zako zitaingia kwenye imeji. Tumechagua imeji ya Debian nyembamba badala ya Alpine kwa sababu Alpine hutumia musl mahali pa glibc kama maktaba yake ya msingi ya C, na vifurushi vingine vyenye sehemu zilizokusanywa tayari havina toleo la musl. Megabaiti unazookoa utazilipa kwa kukusanya C kila unapojenga.

Kisha huduma, chini ya `services` ileile:

```yaml
  web:
    build:
      context: .
      target: dev
    init: true
    ports:
      - "127.0.0.1:3000:3000"
    environment:
      DATABASE_URL: postgres://mradi:siri@db:5432/mradi
    volumes:
      - .:/app
      - /app/node_modules
    depends_on:
      db:
        condition: service_healthy
```

Mstari wa `/app/node_modules` unaweka voliumu isiyo na jina juu ya folda hiyo. Usipokuwepo, kupachika `.` juu ya `/app` kutafunika vifurushi vilivyosakinishwa wakati wa kujenga, na seva itasema haioni hata kimoja. Kwenye macOS na Windows una kazi ya pili: zile faili ndogondogo zinakaa ndani ya mashine pepe, hazivuki mpaka. Tofauti ya kasi unaiona mara moja.

Ila voliumu hiyo ina kumbukumbu ndefu. Ukiongeza kifurushi na kujenga imeji upya, Compose itairudisha voliumu ya zamani, na kifurushi kipya hakitaonekana. Amri sahihi ni `docker compose up --build -V`. Hiyo `-V` inaamuru voliumu zisizo na jina ziundwe upya, na haigusi `data_db`. Jambo jingine kwa wenye Linux: Docker hutengeneza folda tupu ya `node_modules` kwenye mradi wako ili ipate pa kupachika, na mmiliki wake ni root. Siku utakapoendesha `npm install` nje ya kontena utapata `EACCES`. Itengeneze mwenyewe kwa `mkdir node_modules` kabla ya kuwasha mara ya kwanza.

Umiliki wa faili ndiyo kero ya kudumu ya Linux katika njia hii. Kontena likiendeshwa kama root, kila faili inayozalishwa ndani, iwe hati ya kuhamisha hifadhidata au folda ya kache, inatua kwenye mradi wako ikiwa mali ya root. Mtumiaji `node` wa imeji rasmi ana namba 1000, ambayo kwenye mifumo mingi ya Linux ndiyo namba ya mtumiaji wa kwanza, hivyo mambo yanakaa sawa yenyewe. Hakiki kwa `id -u`. Ikitoka namba nyingine, ipitishe kama hoja ya ujenzi na umbadilishe mtumiaji ndani ya imeji kwa `usermod`. Docker Desktop kwenye macOS hukutafsiria umiliki huu, kwa hiyo mwenzako wa Mac hataelewa unalalamikia nini.

Mtandao nao una mambo yake. Ndani ya kontena, `localhost` ni kontena lenyewe. Hifadhidata inaitwa `db`, kwa poti 5432, wala si 5433. Seva yako isikilize `0.0.0.0`: Vite inataka `--host`, Django `runserver 0.0.0.0:8000`, Rails `-b 0.0.0.0`, Flask `--host=0.0.0.0`. Ikisikiliza `127.0.0.1`, poti itaonekana imefunguliwa lakini kivinjari kitapokea muunganisho uliokatwa. Na kivinjari chenyewe kiko nje, hakilijui jina `api`. Programu inayochora kurasa kwenye seva na tena kwenye kivinjari inahitaji anwani mbili za API: `http://api:4000` kwa upande wa seva, `http://localhost:4000` kwa kivinjari. Kutumia anwani moja kwa pande zote mbili ni chanzo cha ile hali ambapo ukurasa unafunguka vizuri mara ya kwanza, halafu kila kitufe ukibofya kinashindwa.

Kwenye Windows, usiweke mradi `C:\` ukautumia kupitia `/mnt/c`. Kusoma ni polepole, na taarifa za mabadiliko ya faili hazivuki kwenda WSL 2 (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows), hivyo kupakia upya papo hapo hakufanyi kazi. Hamishia hazina ndani ya mfumo wa faili wa Linux, kwa mfano `~/mradi`, ukifungue kihariri kutoka huko. Wapo wanaowasha ukaguzi wa faili wa kila mara kwa `CHOKIDAR_USEPOLLING=true` wakabaki kwenye `/mnt/c`. Inafanya kazi, lakini feni haitanyamaza na kusoma kutabaki polepole vilevile.

Compose, kuanzia toleo 2.22, ina njia mbadala ya kupachika folda: `develop: watch`. Unataja folda, kitendo `sync`, na mahali pa kufikia, halafu unaendesha `docker compose watch`. Faili iliyobadilika inanakiliwa ndani ya kontena, na `package.json` unaweza kuiwekea kitendo `rebuild`. Kwa macOS ni suluhisho safi sana, kwa kuwa kontena linasoma diski yake yenyewe. Kumbuka tu kwamba unakili ni wa upande mmoja. Hati ya kuhamisha hifadhidata iliyozalishwa ndani haitarudi kwenye mradi wako, na `package-lock.json` pia haitarudi. Timu inayotumia sana amri za kuzalisha faili, kama za Rails, Django au Laravel, itachoka nayo upesi. Mtumiaji wa kontena lazima pia awe na ruhusa ya kuandika kwenye folda lengwa, na ndiyo maana ya `--chown` kwenye mstari wa `COPY . .` hapo juu.

Dalili mbili za kuzitambua haraka. Kontena linalochukua sekunde 10 kamili kuzimika ni lile ambalo mchakato wake namba 1 haupokei ishara ya kuzima, Docker ikangoja muda wake wote kisha ikaua kwa nguvu. `init: true` na `CMD` yenye mabano ya mraba huondoa tatizo hilo mara nyingi. Kontena linalokufa kwa namba 137 bila wewe kulizima limeuawa, na sababu ya kawaida ni kuishiwa RAM. Docker Desktop kwenye Mac hupewa nusu ya RAM ya kompyuta kwa kawaida, na WSL 2 vivyo hivyo. Kwenye Windows unabadilisha kwa faili `.wslconfig`, kisha `wsl --shutdown`.

Udhaifu usiozungumzwa vya kutosha ni wa kihariri. Kiko nje, vifurushi viko ndani. Seva ya lugha, sehemu inayokikagulia kihariri msimbo, haioni kitu, na kila mstari wa `import` unapigwa mstari mwekundu. Watu husakinisha vifurushi mara mbili, ndani na nje, na wakirudi hapo wameshapata tena tatizo la matoleo walilokimbia. Ukifika hatua hii kila siku, umekwishaihitaji njia ya tatu.

## Kihariri ndani pia: Dev Containers

Faili moja, `.devcontainer/devcontainer.json`, inakiambia kihariri VS Code kiingie kwenye kontena gani. Sehemu ya kihariri inayosoma faili, viendelezi, seva ya lugha na terminali vyote vinaendeshwa ndani. Dirisha tu linabaki kwako.

```json
{
  "name": "mradi",
  "dockerComposeFile": ["../compose.yaml", "compose.dev.yaml"],
  "service": "web",
  "workspaceFolder": "/app",
  "remoteUser": "node",
  "postCreateCommand": "npm install",
  "customizations": {
    "vscode": { "extensions": ["dbaeumer.vscode-eslint"] }
  }
}
```

Kwenye `compose.dev.yaml` ipe huduma ya `web` mstari `command: sleep infinity`. Hili ni la muhimu kuliko linavyoonekana. Kwa mradi wa Compose, Dev Containers haibadilishi amri ya kontena yenyewe. Kama amri ni `npm run dev` na msimbo wako una kosa la sintaksia, seva inakufa, kontena linakufa nayo, na kihariri kinakatika huku kosa lenyewe likiwa ndani usikoweza kulifikia. Ukiwa na `sleep infinity`, unawasha seva mwenyewe kwenye terminali.

Imeji nyembamba tuliyotumia haina git. Ongeza `git` na `openssh-client` kwa `apt-get` kwenye hatua ya `dev`, kabla ya `USER node`, au tumia imeji za Microsoft zilizoandaliwa kwa kazi hii, ambazo ni kubwa lakini kamili.

Inachokupa njia hii ni usawa wa kweli. Mgeni kwenye timu anafungua hazina, anangoja ujenzi, na ana toleo lilelile la Node, viendelezi vilevile, kanuni zilezile za kupanga msimbo. Kitatuzi hakihitaji kufunguliwa poti 9229 wala kuoanisha njia za faili za ndani na nje. Kwenye Linux, namba ya `remoteUser` hubadilishwa ifanane na yako bila kuombwa, na kero ya umiliki inaisha.

Bei yake ni RAM. Seva ya TypeScript ya mradi mkubwa peke yake inaweza kufikia gigabaiti kadhaa, na sasa iko ndani ya mashine pepe pamoja na hifadhidata. Kwa GB 8 utaumia. GB 16 ndipo panapofaa kuanzia. Kila badiliko la `devcontainer.json` linataka kontena lijengwe upya, na chochote ulichosakinisha kwa mkono kwenye terminali kinapotea wakati huo, ikiwemo historia ya amri, isipokuwa umeiwekea voliumu.

Kwenye macOS na Windows kuna amri ya kuinakili hazina moja kwa moja ndani ya voliumu badala ya diski yako. Kasi yake inakaribia ya Linux kabisa. Lakini msimbo sasa upo kwenye voliumu pekee. Ukiifuta kabla ya kusukuma kazi yako, kazi hiyo haipo tena popote. Kwa anayeitumia, kusukuma tawi kila mwisho wa kipindi cha kazi liwe sharti.

Kama timu yako ina watu wa Vim au Emacs, `devcontainer up --workspace-folder .` na `devcontainer exec` kutoka kifurushi cha `@devcontainers/cli` vitawaingiza, ila viendelezi na usaidizi wa lugha watajipangia wenyewe. Hapo usiilazimishe kwa wote. Iweke kama hiari juu ya njia ya pili.

## Sasa injini

Kwenye Linux, Docker Engine kutoka hazina rasmi ya Docker inatosha. Docker Desktop itakuongezea mashine pepe usiyoihitaji. Kwenye macOS na Windows, Docker Desktop ndiyo yenye vikwazo vichache, lakini soma leseni: tangu Agosti 2021, kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 250 au mapato ya zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka inatakiwa kulipia.

Podman haina seva ya nyuma inayoendeshwa kama root, na kwa usalama tunaipenda. Inabadilisha hesabu ya umiliki, hata hivyo: bila root, mtumiaji root wa ndani ndiye wewe wa nje, na mtumiaji `node` wa ndani ni namba ngeni kabisa isiyo na ruhusa kwenye folda yako. Faili za Compose zilizotengenezwa kwa Docker hushindwa hapa kwanza; dawa ni `--userns=keep-id`. Kwenye Fedora ongeza `:Z` kwenye folda ya mradi unayoipachika, maana SELinux, mfumo wa ulinzi wa ziada wa Linux, itazuia hata ruhusa za kawaida zikiwa sahihi. Poti zilizo chini ya 1024 hazifunguki, basi tumia 8080 badala ya 80. Na `podman compose` huita programu nyingine kufanya kazi yenyewe, ama `docker-compose` ama `podman-compose`, ambazo hazifanani katika kila kipengele. Timu ichague moja na iiandike.

Timu yenye Mac za chipu ya Apple na kompyuta za Intel kwa pamoja ihakikishe kila imeji ina matoleo ya arm64 na amd64. `exec format error` ni dalili ya imeji ya upande usio wako. Kuandika `platform: linux/amd64` kunaiendesha kwa uigaji, polepole, kwa hifadhidata ndogo inavumilika, kwa kukusanya msimbo haivumiliki. Mwenye Windows akiona kontena linasema `no such file or directory` kuhusu hati ambayo ipo mbele ya macho yake, hati hiyo ina miisho ya mistari ya Windows. Mstari `*.sh text eol=lf` kwenye `.gitattributes` unazuia hilo kwa kila atakayenakili hazina baadaye.

## Faili moja kwa njia mbili

Huhitaji kuilazimisha timu nzima kuchagua kimoja. Weka `profiles: ["yote"]` kwenye huduma ya `web`. Anayetaka njia ya kwanza anaendesha `docker compose up -d` na kupata hifadhidata tu. Anayetaka ya pili anaendesha `docker compose --profile yote up`. Tofauti inayobaki ni anwani ya hifadhidata. Kwenye `.env` andika `localhost:5433` kwa ajili ya walio nje, na uache `db:5432` kwenye `environment` ya Compose. Hazigongani, kwa kuwa maktaba ya dotenv ya Node, kwa mpangilio wake wa kawaida, haibadilishi kigezo cha mazingira kilichokwisha kuwekwa: ndani ya kontena thamani ya Compose ndiyo inayoshinda, hata faili ya `.env` ikiwa imepachikwa pamoja na mradi. Mtu akiweka `override: true` kwenye dotenv, mpangilio huu unavunjika, na programu ya ndani itaanza kuitafuta hifadhidata kwenye `localhost` yake yenyewe.